Wafu Waliobaki Nje

Sura ya Tisa

Kila Filio alipofunua sufuria ya ngano mvuke ulimpanda usoni, akajikuta anafuta macho kwa kiwiko. Mama yake, Sultana, aliyekuwa akitwanga lozi karibu na dirisha, alimwona mara ya kwanza akanyamaza, mara ya pili akanyamaza, mara ya tatu akamwuliza kama ni mvuke au kuna jingine. Filio akasema ni mvuke.

"Basi huo ni mvuke wa Bitola," alisema Sultana, akaendelea kutwanga.

Bitola ni mji wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Wamakedonia. Kutoka kijijini kwao Kriovrisi, upande wa Wagiriki, hata saa moja haifiki kwa gari, na huko ndiko alikokuwa Naum, kijana aliyempenda.

Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa Jumamosi ya Wafu, ile inayotangulia Pentekoste. Siku hiyo kila nyumba hupeleka kanisani sahani ya ngano iliyochanganywa na sukari, lozi na zabibu kavu, pamoja na karatasi yenye majina ya marehemu wake. Padri huyasoma yote, jina baada ya jina, hata kama yatamaliza saa nzima. Wazee husema wafu nao huja, wakasimama nje ya mlango wa kanisa. Anayesikia jina lake huingia akala. Asiyeitwa hurudi na njaa yake.

Mfukoni mwa aproni ya Filio mlikuwa na karatasi ya namna hiyo, nayo haikuwa ya wafu wa nyumba yao. Naum ndiye aliyempa Jumapili iliyopita. Bibi yake, Ristana, alikuwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, majina saba yaliyopinda kama mimea iliyopigwa na upepo.

"Bibi anataka jambo moja tu," Naum alimwambia siku hiyo. "Asikie jina la mama yake likiitwa chini ya paa lile. Baada ya hapo, amesema, atakwenda mwenyewe kwa baba yako kunisemea. Na unamjua bibi akishika neno."

Mapenzi ya hawa wawili yalianzia kwenye jino. Watu wa upande huu huvuka kwenda Bitola kutibiwa meno kwa kuwa ni nafuu, na Filio alivuka mwaka juzi na gego lililomnyima usingizi. Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye vidole vyembamba. Alimjaza pamba mdomoni, kisha akamwambia msaidizi wake, kwa lugha yao, kwamba dada huyu ana macho ya kumfanya mtu ang'oe hata jino zima ili asiondoke mapema. Filio alicheka na pamba zake, nusura apaliwe. Daktari akabaki na koleo mkononi, masikio yamemwiva.

Alipotolewa pamba alimjibu kwa lugha aliyofundishwa jikoni na marehemu bibi yake, ile ambayo kwao haikuwa hata na jina, waliiita tu kikwetu. Alimwambia asihangaike, jino bovu lipo, aanze na hilo.

Naum hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba ya zamani ukifunguliwa. "Unazungumza kama bibi yangu," alisema. "Si kama watu wa hapa mjini. Kama bibi yangu hasa."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa Bibi Ristana alizaliwa Kriovrisi, enzi ambazo nyumbani walikiita Studena. Alitoka mwaka wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akiwa na miaka kumi na miwili, akavuka mlima kwa miguu katika msururu wa watoto. Kwa miaka hamsini na zaidi serikali ya upande huu haikumruhusu kurudi. Sasa walikuwa wameanza kuwaruhusu wazee kama yeye kuingia kwa siku chache, naye alikuwa amepata ruhusa yake.

Kikwazo kilikuwa nyumbani. Mzee Lazaros, baba yake Filio, alikuwa mzee wa kanisa, na alizaliwa kwenye kikwetu hichohicho. Shuleni mwalimu alimchapa kwa sababu yake mpaka vidole vikavimba, na tangu hapo hakukitamka nje ya ukuta wa nyumba yake. Bintiye alipokwenda kusoma mjini Salonika, alimwagiza jambo moja: airekebishe L yake. Watu wa kwao wanapozungumza Kigiriki, L hutoka nzito, kama imechovywa kwenye asali, na mtu akiisikia hujua mara moja umetoka wapi. Filio aliirekebisha. Mwaka mzima aliamka akijifunza mbele ya kioo. Naum peke yake ndiye aliyekuwa akimsihi aseme neno lolote lenye L, lolote lile, na aliseme kama alivyozaliwa.

Alhamisi, mezani, Filio alimweleza baba yake kuwa wageni wanakuja. Mzee Lazaros aliweka uma chini.

"Sina ugomvi na kijana," alisema. "Mikono yake safi, kazi yake ya heshima. Lakini akiulizwa yeye ni nani, anajibu Mmakedonia. Mimi nikiulizwa najibu Mgiriki. Mtoto wenu akiulizwa atajibu nini? Mng'oa meno?"

Sultana alicheka, kisha akaona si mahali pa kucheka.

Mzee aliendelea taratibu. Waje, wasali, wawashe mishumaa, hakuna wa kuwafukuza. Siku ikipita kwa utulivu, watakaribishwa kahawa, na juu ya kahawa lolote laweza kuzungumzwa. Filio alijua maana yake. Nyumbani kwao hakuna posa iliyowahi kuanza bila kahawa, na hakuna kahawa ya namna hiyo iliyowahi kumwagwa.

"Ila karatasi zote nitazipokea mimi mlangoni," alimalizia baba. "Nikikuta majina ya kule, naitoa karatasi hiyo mbele ya watu. Na kahawa hakuna. Sitaki kijiji kianze kuniuliza leo swali nililojibu miaka hamsini iliyopita."

Ndiyo sababu Ijumaa ile mvuke ulimwumiza macho Filio.

Sultana alipotoka kwenda kuchuma mnanaa, Filio aliitandaza karatasi ya Bibi Ristana mezani, akachukua nyingine nyeupe. Aliandika kwa Kigiriki, kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Stoyan akamfanya Stergios. Velika akawa Vasiliki. Mitra, Dimitra. Tanas, Athanasios. Gele, Evangelos. Kole, Nikolaos. Kila jina lilipata pacha wake bila shida, na alijiambia kuwa Mungu hahitaji mkalimani. Lililobaki, la saba, halikuwa na pacha. Alifikiri, akaona muda unapita, akaandika Evdokia.

Hatua za mama zilisikika uani. Filio aliikunja ile karatasi ya zamani, akaisukuma ndani ya jiko la kuni. Ikaungua chini ya sufuria ileile ya ngano.

*

Kesho yake wageni walikuja kwa teksi. Naum alishuka kwanza akamfungulia bibi yake mlango. Bibi Ristana alikuwa mwanamke mdogo, kavalia suti nyeusi isiyo na kunyanzi hata moja. Hakutazama watu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kanisa, akaweka kiganja juu ya jiwe la pembeni, chini kabisa, urefu wa mtoto.

Mzee Lazaros, akiwa mlangoni na kapu la karatasi, alimkaribisha kwa Kigiriki, kwa adabu zote. Bibi akanyanyua uso. Midomo yake ilitafuta kitu cha mbali sana.

"Ahsante, bwana mwalimu," alimjibu kwa Kigiriki.

Kigiriki chake kilikuwa kile alichoondoka nacho darasani, na tangu wakati huo hakupata mtu wa kukizungumza naye. Mzee Lazaros aliangalia vidole vyake mwenyewe. Filio alimpa karatasi nyeupe, naye akaisoma mara moja, akamtazama bintiye kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaitia kapuni pamoja na nyingine.

Wanawake walisimama upande wa kushoto. Bibi Ristana alimshika Filio mkono, wakasimama pamoja mbele ya meza iliyojaa sahani za ngano na mishumaa. Ng'ambo, upande wa wanaume, Naum alimtafuta kwa macho, alipompata akatabasamu. Tabasamu lile Filio alikuja kulikumbuka kwa miaka mingi, maana lilikuwa la mwisho kumpa bila kufikiri.

Padri alianza kusoma. Majina yalimiminika, na kila mara mwanamke mmoja alisikika akivuta pumzi, wake amefika. Mkono wa Bibi Ristana ulikuwa mkavu na wa moto. Kila padri alipochukua karatasi mpya, mkono ule ulikaza. Ikaja karatasi nyeupe. Stergios, Vasiliki, Dimitra, Athanasios, Evangelos, Nikolaos, Evdokia. Padri aliyasoma vizuri, bila kuharakisha.

Mkono wa bibi haukutikisika. Ulibaki umekaza vilevile, ukingoja karatasi inayofuata.

Ikaja nyingine, na nyingine. Kapu likaisha. Watu wakaimba kuwaombea wafu kumbukumbu ya milele, na bibi bado alikuwa ameinua kidevu, akisikiliza.

"Yangu wameisahau?" alimnong'oneza Filio kwa kikwetu. "Mwanangu, hebu mwambie padri. Imebaki moja."

Filio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua afunguke kwa lugha gani.

*

Uani mwa kanisa wanawake walikuwa wakigawa ngano kutoka kwenye sahani, wakimwekea kila apitaye kijiko kimoja kiganjani na kumwambia ale kwa ajili ya fulani. Sultana alimletea Bibi Ristana. Bibi alikunja kiganja.

"Siwezi kula," alisema. "Wangu hawajaingia."

Papo hapo Mzee Lazaros alitoka kanisani, uso umemfunguka kama mtu aliyetua mzigo. Siku ilikuwa imepita kwa utulivu. Alimpa Naum mkono, mbele ya kijiji kizima, akasema kahawa ipo tayari, waje nyumbani, bibi naye amechoka, akae kivulini. Miezi yote ile Filio alikuwa ameomba asikie maneno hayo. Sasa yalimfikia kama barua iliyoletwa baada ya mwenye barua kuzikwa.

Angeweza kunyamaza. Angesema karatasi ilipotea, na kahawa ingenyweka. Lakini Bibi Ristana alikuwa akimtazama, na macho yale hayakuwa na shaka naye hata chembe.

"Yamesomwa, bibi," alisema. "Niliyaandika upya, kwa Kigiriki. Stergios ni Stoyan. Vasiliki ni Velika, mama yako. Wote walisomwa. Mungu anawajua."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alimshika Filio shavuni kama anayepima homa.

"Una mwandiko mzuri, Naum aliniambia," alisema polepole. "Na moyo wako si mbaya, nauona. Ila hao ulioniitia leo siwajui. Mama yangu hajui kwamba Vasiliki ni yeye. Alikufa kabla hajafundishwa. Bado amesimama pale nje."

Alielekea kwenye teksi peke yake, akikataa kushikwa.

Naum alibaki. Walisogea mpaka kwenye ukuta wa makaburi, mahali ambapo majani yalikuwa marefu na misalaba hakuna.

"Ungeniambia," alisema Naum.

"Baba angeitoa kapuni."

"Angeitoa yeye, basi. Ningemjua aliyeitoa. Ningemchukia wiki mbili, kisha ningerudi na chupa ya rakia tukaanza upya. Wewe nitakufanyaje?"

"Nilitaka tunywe kahawa leo," alisema Filio. "Ni hilo tu. Nilitaka tukae meza moja."

"Tungekaa. Na siku ya harusi ungenipa jina gani?"

Filio alitaka kumwambia kwamba swali hilo lilimtesa hata yeye, kwamba anapoulizwa ni nani hujisikia kama ameambiwa achague jicho moja, la kulia au la kushoto, na lingine alitoe. Lakini aliona maneno hayo yamechelewa. Alisema samahani, na L za lugha zote mbili hazikumsaidia, kwani neno lile halikuwa nazo.

"Siku ile ya pamba," Naum alisema, sauti imemshuka, "nilifikiri nimempata mtu mmoja ambaye mbele yake sitahitaji kujieleza. Nilikwenda nyumbani nikamwambia bibi, nimesikia sauti yako kwenye kinywa cha msichana. Alilia jioni nzima kwa furaha." Akatazama teksi. "Nipe karatasi yake. Ataitaka."

Filio alitazama pembeni. Naum akamtazama usoni, akasoma.

"Umeichoma?"

"Mama alikuwa anaingia."

"Iliandikwa kwa siku nne. Vidole vyake vina baridi yabisi, aliandika majina mawili kwa siku, mengine yakamshinda mpaka kesho. Nikamwambia niandike mimi, akakataa. Akasema hawa nawaandika mwenyewe."

Alinyoosha mkono kana kwamba atamgusa nywele. Mkono ukafika nusu ya njia, ukarudi.

"Bado nakupenda, Trendafila," alisema. Hilo ndilo jina ambalo marehemu bibi yake Filio alimwita, na ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kumwita ila Naum. "Ndiyo maana nakwenda sasa hivi, kabla sijasema mengine."

Alitembea bila kugeuka. Teksi iliondoka polepole kwa ajili ya mzee aliyemo, ikapita kisimani, ikapita mashamba ya pilipili, ikashika barabara ya mpakani.

*

Nyumbani Sultana alikuwa ameandaa vikombe vitano. Aliviosha vyote, ingawa vilikuwa visafi.

Alasiri, kijiji kilipojilaza, Filio alirudi makaburini na bakuli la ngano iliyobaki. Alisimama kwenye majani marefu penye ukuta, akaanza kuwaita kwa majina yao. Stoyan. Velika. Mitra. Tanas. Gele. Kole. Majina yalitoka, mazito kama yalivyozaliwa. Kisha akakwama. La saba halikuja. Alilikumbuka lile aliloliandika yeye, Evdokia, lilimkaa kichwani kama mgeni asiyetaka kuondoka, na kila alipojaribu kuchungulia nyuma yake hakuona mtu.

Alipiga magoti, akashika kichwa.

"Sevda," ilisema sauti nyuma yake.

Mzee Lazaros alikuwa amesimama njiani, kofia mkononi. Hakuwa ameitwa, na hakutaka kusogea zaidi.

"Huyo wa saba ni Sevda," alisema tena, na Filio akashtuka, kwani alikuwa akizungumza kikwetu, nje, chini ya mbingu, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutembea na mguu uliokufa ganzi. "Mdogo wake Ristana. Alikuwa rika langu. Tulikuwa tukichunga bata pamoja kwenye mto. Majira ya baridi ya mwaka ule wa vita alishikwa na kifua, akafa, na hakukuwa na padri wala msumari wa jeneza. Walimzika hapo ulipopiga magoti, kwenye sanduku la nyanya."

"Ulikuwa unawajua wote," alisema Filio.

"Ulipotoa karatasi yako mlangoni, nilijua ni nani kila mmoja. Evdokia tu ndiye aliyenitatiza, mpaka nikahesabu." Alizungusha kofia. "Nikafurahi, binti yangu. Nilifurahi kwamba umenichagulia. Nisingeweza kuitoa ile karatasi, nadhani. Nisingeweza. Sasa hatutajua kamwe."

Filio alimwuliza kama yuko tayari kumwambia hivyo Bibi Ristana. Baba alitazama barabara, iliyokuwa tupu mpaka ilipofikia vilima.

"Ameniita bwana mwalimu," alisema.

Baadaye alitoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akaenda mbele, akaufungua mlango na kuushika kwa kiatu usijifunge. Filio aliweka bakuli kwenye kizingiti. Akaita kwa sauti, kama wanavyoita watu waliochelewa chakula: Stoyan, Velika, Mitra, Tanas, Gele, Kole, Sevda. Mzee Lazaros alichota ngano kwa vidole vyake, akala, na taya zake zilifanya kazi muda mrefu kuliko ngano ilivyohitaji.

Upepo mdogo uliingia kanisani ukainamisha mishumaa miwili iliyosalia, ikasimama tena. Labda waliingia. Filio aliendelea kusimama, macho kwenye barabara ya mpakani. Lilikuwepo jina la nane, lilikuwa limemjaa kinywa, lakini siku ile huitwa wafu tu, na Naum alikuwa hai. Akafunga mdomo, akauacha mlango wazi.